Huwezi kusema "kila Miritini": aina na kitu mahususi kwenye mchoro wa data

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kuweka makontena matupu hapa Mombasa. Tuna yadi mbili, moja Changamwe na moja Miritini. Tunataka kuacha vitabu vya lango na Excel tutengenezewe mfumo, nami nimepewa kazi ya kuchora modeli ya dhana, yaani mchoro wa vitu tutakavyoviwekea kumbukumbu na uhusiano wake, kabla watu wa programu hawajaanza. Nimechora visanduku hivi: Kontena, Kontena la Friji, 22G1, 42G1, 45R1 (misimbo ya saizi na aina inayopakwa kwenye makontena), Kampuni ya Meli, Dereva, Yadi ya Changamwe na Yadi ya Miritini. Kijana wa programu akaniambia nifute zile yadi mbili na ile misimbo yote, eti hizo ni data, si modeli. Lakini friji tunazipokea Miritini peke yake. Nikiifuta Miritini, kanuni hiyo nitaiandika wapi? Na 22G1 ni aina au ni kitu? Yadini yapo makontena mamia ya 22G1, mbona isiwe aina?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kijana wa programu ana haki kuhusu yadi, ana nusu ya haki kuhusu misimbo, na amekukosea pale alipokwambia ufute bila kukuonyesha kanuni ya friji inahamia wapi. Kanuni hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote uliyochora. Visanduku vya Kontena na Dereva angeweza kuvibuni mtu yeyote asiyewahi kufika yadini kwenu. Habari ya kuwa friji hazipokelewi Changamwe imo vichwani mwa watu wa lango tu, na wakistaafu inaondoka nao.

Tuanze na kisanduku chenyewe. Mwaka 1976 Peter Chen alipochapisha modeli ya entiti na uhusiano, ambayo mpaka leo ndiyo mama wa michoro mingi tunayochora, alitenga mapema mambo mawili: kitu kimoja kinachoweza kutambulika peke yake, kama mtu fulani au kampuni fulani, na mkusanyiko wa vitu vya namna hiyo. Kisanduku kwenye mchoro kinasimama mahali pa mkusanyiko. Unapochora kisanduku unamwambia msomaji: vitu vya namna hii vipo vingi, au vinaweza kuwa vingi, na tutauliza maswali yaleyale kuhusu kila kimoja. Kontena linafaa, kwa sababu kila kontena tutaliuliza namba yake, mwenyewe nani, lilitengenezwa lini. Yadi nayo inafaa. Lakini Yadi ya Miritini ni ile moja tu, yenye lango lake na vumbi lake.

Ugumu unaanzia kwenye neno letu dogo "ni". Tazama sentensi hizi mbili (CSQU3054383 ni namba ya kontena moja):

Kontena la friji ni kontena.

CSQU3054383 ni kontena.

Masikioni zinafanana kabisa, na kwenye mchoro mtu huzichora kwa mshale uleule. Lakini ya kwanza inasema kwamba aina moja imo ndani ya aina nyingine, na ya pili inasema kwamba kitu fulani ni mmoja wa kundi. Dawa ninayowapa wanafunzi ni kutia neno "kila" mwanzoni. Kila kontena la friji ni kontena: sentensi imenyooka. Kila CSQU3054383 ni kontena: ulimi unagoma. Kila yadi ina lango: sawa. Kila Miritini ina lango: hakuna anayesema hivyo. Jina linalokataa "kila" ni jina la kitu mahususi, na mahali pake ni ndani ya kisanduku, pamoja na wenzake, kama mstari mmoja wa jedwali.

Kiswahili kimetupa na alama nyingine ambayo naona hatuitumii vya kutosha kwenye kazi hii. Keti na karani wa lango kwa nusu saa, umsikilize. Akisema "friji huhitaji umeme kabla ya kutoka", hiyo *hu-* inazungumzia friji yoyote. Hapo umepata kanuni ya kutia kwenye modeli. Akisema "friji imekosa umeme tangu alfajiri", anazungumzia moja iliyosimama pale, unayoweza kwenda kuigusa mlango. Hapo umepata mfano wa data. Tahadhari moja tu: *hu-* hutumika pia kwa mazoea ya kitu kimoja. "Miritini hufunga saa kumi na mbili" ni habari ya yadi moja. Kwa hiyo ukisikia *hu-*, tia "kila" uone kama sentensi inasimama. Mimi huandika daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja sentensi za *hu-*, upande wa pili sentensi za *me-* na *li-*, na mara nyingi nusu ya modeli imeshajitokeza kabla sijashika kalamu ya kuchorea.

Usidhani lakini kwamba vitu vimezaliwa na alama usoni, hiki aina na hiki mahususi. Inategemea kazi inataka kukumbuka nini. Mtu aliyesimama Likoni akiuliza "feri imekuja?" hajali kama ni MV Kwale au MV Jambo, anataka kuvuka. Fundi hawezi kufanya kazi kwa swali hilo, kwa sababu injini aliyoifungua ni ya MV Kwale na vipuri alivyoagiza ni vya injini ileile. Chuma ni kimoja, maswali mawili. Kwa kila jina ulilonalo jiulize: kikipotea kimoja, nikapewa kingine cha namna ileile, kuna atakayelalamika? Lakiri za makontena zina namba, ikipotea moja kuna kesi. Basi kila lakiri ni kitu chake, na ina mstari wake. Misumari ya fundi wa sakafu haina namba wala hakuna anayeijali mmojammoja. Hiyo utaweka idadi tu, kilo ngapi zimebaki.

Sasa Miritini. Umeniandikia "friji hupokelewa Miritini peke yake", na swali langu ni: kwa nini? Sababu unaijua wewe uliye pale, mimi nitakisia. Kontena tupu la friji likiwa limelala tu halidai umeme, lakini haliruhusiwi kwenda kupakiwa parachichi kabla ya kuwashwa na mashine yake kukaguliwa, na kuliwasha kunataka plagi ya umeme wa awamu tatu. Nakisia plagi hizo ziko Miritini na Changamwe hazipo. Ikiwa ndivyo, kanuni yenyewe haikuwa ya Miritini hata siku moja. Ni hii: *kontena la friji hupokelewa kwenye yadi yenye plagi.* Ijaribu kwa "kila" na itapita. Kwenye mchoro, kisanduku cha Yadi kinapata sifa mpya, idadi ya plagi, na kanuni inaandikwa kando ya mstari unaounganisha Kontena la Friji na Yadi. Miritini inakuwa mstari wenye plagi kadhaa, Changamwe mstari wenye sifuri. Mwakani wakubwa wakiamua kutia umeme Changamwe, mtu atabadilisha sifuri iwe kumi, na hakuna atakayegusa mchoro wala programu.

Lakini huenda sababu ni nyingine. Huenda kampuni moja ya meli ilitia saini nanyi kwamba friji zake zilazwe Miritini kwa sababu mkaguzi wake yuko jirani. Hapo kilichofichwa ni mkataba, na mkataba unastahili kisanduku chake, kilichofungwa na Kampuni ya Meli, na Yadi, na aina ya kontena. Utashangaa mambo mangapi mengine yatataka kuingia humo, kama bei na siku za bure. Na huenda pia hakuna sababu yoyote zaidi ya kwamba meneja aliamua. Hata hivyo sawa. Chora kisanduku cha Ruhusa, kinachosema yadi ipi inapokea kundi lipi, na uamuzi wa meneja utakaa humo kama data. Kwa vyovyote vile jina Miritini linabaki ndani ya kisanduku cha Yadi, na kanuni inabaki kwenye mchoro ikiwa na sababu yake. Ukiona kitu mahususi kinadai kisanduku chake, jua kuna sifa au uhusiano ambao haujapata jina.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Zamani nilichora modeli ya ghala moja hapa mjini, lilikuwa na majengo mawili, nami nikachora visanduku viwili, kila jengo na chake, kwa sababu kila msimamizi alinieleza mambo yake kivyake. Watu wa programu wakatengeneza majedwali mawili kama nilivyochora. Jengo la tatu lilipofunguliwa wakanakili jedwali, wakaongeza safu moja ambayo yale mawili hayakuwa nayo. Baada ya hapo mzigo ukihamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine ulikuwa unafutwa kwenye jedwali moja na kuandikwa upya kwenye jingine, na mara nyingine ule wa kwanza haukufutwa. Mzee wa stoo alianza kutembea na daftari la kurasa mia mbili, jengo hadi jengo, mchana wa jua kali, akihesabu magunia kwa mkono ili apate jibu moja ambalo mfumo ulikuwa na majibu mawili kwalo. Kosa halikuwa la programu. Lilikuwa kwenye mchoro wangu, na mzee yule ndiye aliyelilipia.

Tuje kwenye 22G1, ambapo kijana wako alikimbia mno. Nenda usimame nyuma ya kontena lolote, utazame mlango wa kulia. Juu kabisa imepakwa namba: herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho mara nyingi imezungushiwa kisanduku. Chini yake msimbo, tuseme 22G1. Chini zaidi uzito wa juu unaoruhusiwa, kwa mengi ni kilo 30,480, na uzito wa kontena lenyewe likiwa tupu, mathalani kilo 2,230. Karibu na hapo, mara nyingi kwenye mlango wa kushoto, kuna bamba la chuma lililopigiliwa, bamba la usalama linalotokana na mkataba wa kimataifa wa makontena salama wa mwaka 1972, lenye tarehe ya kutengenezwa na namba ya kiwandani. Milango hiyo ina habari za ngazi mbili zimechanganywa pamoja, na kazi yako ni kuzitenganisha.

Msimbo unasomeka hivi. Tarakimu ya kwanza 2 ni urefu wa futi 20. Ya pili 2 ni kimo cha futi 8 na inchi 6. G ni kontena la mzigo wa kawaida, na 1 inayofuata inaeleza matundu ya hewa. Kwa 45R1, 4 ni futi 40, 5 ni kimo cha futi 9 na inchi 6, R ni friji. Sasa uliza kila habari ya mlangoni: ni ya nani? Urefu wa futi 20 si siri ya kontena hili. Ukijua ni 22G1 umeshajua urefu bila kulipima. Vivyo hivyo hesabu ya TEU, ambayo bandari hutumia kujumlisha: la futi 20 ni moja, la futi 40 ni mbili. Habari hizo ni za msimbo. Lakini uzito wake likiwa tupu ni wake lenyewe, umepakwa kwenye mlango wake, na jirani yake mwenye msimbo huohuo anaweza kuwa na kilo tofauti. Tarehe ya kutengenezwa ni yake pia.

Kwa hiyo visanduku ni viwili. Kimoja Kontena: namba, uzito likiwa tupu, tarehe ya kutengenezwa. Kingine kiite Muundo wa Kontena: msimbo, urefu, kimo, hesabu ya TEU. Mstari kati yao: kila kontena lina muundo mmoja, muundo mmoja unaweza kuwa na makontena mengi, au usiwe nayo kabisa, kwa sababu huenda hamjawahi kupokea tangi hata moja na bado msimbo wake upo kwenye orodha.

Ndani ya kisanduku cha Muundo, 22G1 ni kitu mahususi, mstari mmoja. Ukitazama kutoka upande wa makontena, 22G1 ni aina. Jaribio letu linakubali pande zote mbili: "kila 22G1 ina urefu wa futi 20" inapita, na "22G1 ni mojawapo ya misimbo tunayopokea" nayo inapita. Jina likipita pande zote mbili umekutana na kitu cha ngazi mbili. James Odell, mtaalamu wa modeli, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1994, aina ambayo wanachama wake wenyewe ni aina, na OWL 2, lugha ya kuelezea dhana na uhusiano wake kwa kompyuta, iliyotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2009, inaruhusu jina moja litumike kama aina na kama kitu pia. Hukukosea hata kidogo kuuliza. Watu wa fani wamelihangaikia.

Hatari iko pale ngazi zinapochanganywa kwenye sentensi moja. CSQU3054383 ni 22G1. 22G1 ni msimbo. Je, CSQU3054383 ni msimbo? Haiwezekani, ni sanduku la chuma. Linganisha na mnyororo huu: kila kontena la friji ni kontena, kila kontena lina mwenyewe, basi kila kontena la friji lina mwenyewe. Huu unafika. "Ni" ya aina ndani ya aina hupitisha habari hadi chini, "ni" ya kuwa mmoja wa kundi haipitishi. Na ukisema "22G1 zimebaki mia tatu", ile mia tatu ni habari ya kundi. Hakuna kontena lenye mia tatu. Nimeona ripoti zikiharibika kwa sababu idadi iliyobaki iliwekwa kwenye jedwali la makontena badala ya kuhesabiwa kwa muundo.

Utaniuliza sasa: ikiwa 22G1 ni aina kwa upande mmoja, kwa nini nisiichore kisanduku, nikachora na 42G1 na 45R1? Kwa sababu 22G1 na 42G1 zinaulizwa maswali yaleyale na kutofautiana majibu tu. Tofauti ya majibu hukaa kwenye mistari ya jedwali. Kisanduku hupewa kinachoulizwa maswali ambayo wenzake hawaulizwi. Ndiyo maana Kontena la Friji nataka ulibakize. Friji huulizwa mashine yake ni ya kampuni gani, nyuzi za joto zimewekwa ngapi, ilikaguliwa lini kabla ya safari. Kontena la kawaida ukiliuliza hayo litabaki na nafasi tupu. Lichore kama aina ndogo ndani ya Kontena, na kando ya mstari uandike nini kinaliingiza humo: herufi ya tatu ya msimbo ni R. Hapo karani hatachagua kwa mkono friji au si friji, na hayatatokea makontena ya 45R1 yaliyoandikwa kuwa ya kawaida.

Kuna kisanduku hukukichora, nacho kinanisumbua kuliko vyote. Kontena likiingia limebonyea ubavu, habari hiyo utaiweka wapi? Si ya muundo. Ukiiweka kwenye Kontena, litatengenezwa, litatoka, litarudi baada ya miezi limetoboka paa, na habari ya mwanzo itafutwa na ya pili. Kampuni ya meli ikija kubishana juu ya gharama ya ule ubavu hutakuwa na la kuonyesha. Kuingia langoni ni kitu mahususi nacho, ingawa hakishikiki: kina siku, saa, dereva, namba ya lori, hali ya kontena, na picha. Kontena moja linaweza kuingia mara saba, na kila mara ni mstari wake. Chora kisanduku, kiite Kuingia. Kisha chora Kutoka.

Na kwa kuwa tumesema kitu mahususi ni kile kinachotambulika peke yake, hakikisha unajua kinatambulikaje. Namba ya kontena ni imara kwa kazi ya siku, na inajilinda. CSQU3054383 ni namba inayotumiwa sana kufundishia, na unaweza kuihakiki kwa kalamu. C ina thamani 13, S 30, Q 28, U 32, na tarakimu zina thamani zake. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ukiongeza maradufu hadi ya kumi kwa 512, ujumlishe: 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akiteleza akaandika 304538 mahali pa 305438, hesabu inatoa 1, na mfumo utamwambia palepale langoni kabla lori halijapita.

Hata hivyo, herufi tatu za mwanzo ni za mwenyewe, zilizosajiliwa kwenye ofisi ya makontena ya kimataifa iliyoko Paris. Kontena likiuzwa, mwenyewe mpya hupaka herufi zake na namba yake. Chuma ni kilekile, namba ni nyingine. Meli ni kinyume chake: namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu saba hukaa na meli maisha yake yote, ibadilishe jina, ibadilishe bendera, ibadilishe mwenyewe. Ikiwa kampuni yenu haijali historia ya kontena baada ya kuuzwa, namba ya mlangoni inatosha. Ikiwa mnauza makontena makuukuu, kama yadi nyingi zinavyofanya, watu wakayageuza maduka na vibanda, basi lipe kila kontena kitambulisho chenu cha ndani, na namba ya mlangoni iwe sifa yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Uamuzi huo ufanye sasa. Kuurudia baadaye, mfumo ukishajaa, ni kazi ngumu sana.

Je, kipo kitu mahususi kinachostahili kuonekana kwenye mchoro? Kipo, kwa nadra. Kampuni yenu yenyewe ni kimoja. Ukiandika "kontena letu wenyewe halilipiwi ada ya kulala", kanuni hiyo inataja kitu kimoja kwa jina, na hakuna sifa iliyojificha nyuma yake. Shilingi kama sarafu ya vitabu vyenu nayo ni hivyo. Hapo kitaje kitu hicho kwa jina ndani ya maneno ya kanuni, na uache mstari wake kwenye kisanduku chake, kama cha Kampuni. Ukitaka kukichora, UML, lugha ya alama za kuchorea mifumo ya programu, ina desturi nzuri: jina la kitu mahususi hupigwa mstari chini na kufuatiwa na aina yake, kama *miritini : Yadi*, na michoro ya namna hiyo huwekwa kwenye karatasi yake. Usiichanganye na ile ya aina.

Karatasi hiyo ya pili ndiyo ninayoomba uitengeneze kabla hujarudi kwa kijana wa programu. Tangu miaka ya 1970 wafuasi wa mbinu ya Nijssen ya kuchora modeli wamekuwa wakianza na sentensi za vitu halisi kabla ya kuchora aina, na mimi ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Chukua kitabu cha lango cha juma lililopita, nakili mistari mitatu chini ya kila kisanduku: makontena matatu, mara tatu za kuingia, miundo mitatu, yadi mbili zote. Kisha msomee karani kwa sauti, mstari kwa mstari: "Kontena hili lina muundo 45R1. Liliingia siku hii. Liliingia yadi ya Miritini. Yadi ya Miritini ina plagi kadhaa." Akikukatiza akisema "ah, lakini wakati mwingine...", acha kusoma, andika alichosema.

Na mwulize hasa hili, kwa sababu kwenye mchoro wako sijaona jibu lake: kontena likifika limegongwa mlangoni, rangi imechubuka na namba haisomeki, wanaliandikaje kitabuni mpaka mkaguzi aje kutafuta bamba la chuma? Nitumie wanachoandika.